Majahazi Saba ya Shirazi na Utambulisho wa Watu wa Mwambao

Miji mingi ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki husimulia asili yake kwa namna zinazofanana. Mfalme wa Shirazi, katika nchi ya Uajemi, aliota panya mwenye pua ya chuma akitafuna kuta za mji wake. Akaifasiri ndoto hiyo kuwa dalili ya kuangamia kwa ufalme, akapakia jamaa zake katika majahazi saba, yeye na wanawe sita kila mmoja katika chombo chake, wakatweka matanga kuelekea kusini. Kila jahazi likatia nanga mahali pake. Moja lilifika Mombasa, moja Pemba, moja Nzuwani katika Visiwa vya Ngazija, na moja Kilwa, ambako mgeni aliinunua nchi kwa mwenyeji wake kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka kisiwa kizima.

Toleo hilo limo katika tarihi ya Kiarabu ya Kilwa iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16. Nakala yake iliyobaki ilitoka mikononi mwa Sultani Barghash wa Unguja, aliyempa John Kirk, balozi wa Uingereza. Mreno João de Barros alichapa toleo jingine mwaka 1552. Kwa maelezo yake, mwanzilishi wa Kilwa, Ali, alikuwa mtoto wa sultani kwa mama mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake wa kwa baba walimdharau kwa ajili ya mama huyo, ndipo akahama. Toleo la tatu ni la Kiswahili. Lilikusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1907, na humo anapewa nafasi kubwa mtu ambaye matoleo mengine yanampita haraka: Mrimba, mzee mwenye kisiwa. Mshirazi alimpelekea zawadi, akamwoa binti yake, kisha akamwomba mkwewe ahamie bara na kumwachia kisiwa kwa malipo ya nguo. Mrimba alikubali. Alipogeuza nia na kutaka kurudi kwa vita, pale palipokuwa na kivuko cha miguu wakati wa maji kupwa alikuta kina kirefu, kwa kuwa Washirazi walikwisha kusoma Kurani na kutoa kafara hadi bahari ikafunga njia. Mtoto wa binti yake alipokua alikwenda kumwamkia babu, na babu akamkabidhi nchi.

Wanahistoria wamebishana kwa zaidi ya miaka mia moja kuhusu ukweli wa safari hiyo. Kabla ya kuingia katika ubishi huo, yafaa kutazama kwanza kazi ambayo simulizi yenyewe inaifanya, kwa sababu hapo ndipo ilipo nguvu yake. Kila tendo ndani yake linajibu swali ambalo hakuna mji unaoweza kulikwepa: nani ana haki ya kukaa hapa na kutawala? Nguo zinasema kwamba ardhi ilinunuliwa kwa ridhaa, haikuporwa. Ndoa inasema zaidi. Miongoni mwa jamii nyingi za kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kama Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo na urithi vilifuata upande wa mama, na wajomba ndio waliokuwa na kauli juu ya mtoto. Kwa watu wa desturi hiyo, mjukuu wa Mrimba ni mrithi halali wa kisiwa kwa sababu ya mama yake. Kwa Waislamu wa mjini, ambao nasaba yao hupita kwa baba, mtoto huyohuyo ni mrithi kwa sababu ya Shirazi. Amebeba haki mbili, na hakuna upande unaoweza kumkana. Kurani inayokitenga kisiwa na bara inaweka mpaka mwingine, ule wa imani, baina ya mji wenye msikiti na nchi iliyo ng'ambo ya kivuko.

Mpangilio huo unaonekana na kwingineko. Wazee wa Mombasa humtaja Mwana Mkisi, malkia wa zama za kabla ya Uislamu, na baada yake Shehe Mvita, Mwislamu aliyeanzisha utawala mpya. Mwanamke ni wa mahali, mwanamume amekuja na dini. Koo za kale za mji huo hazikumfuta malkia asiyekuwa Mwislamu ili kumtukuza shehe. Zimewaweka wote wawili katika asili yao. Anayezisoma simulizi hizi kama majigambo ya ugeni peke yake huwa amewasahau Mrimba na Mwana Mkisi, na akiwasahau hao ameisoma nusu tu.

Ushahidi wa ardhini nao unaisahihisha simulizi hapa na kuiunga mkono pale. Shirazi ni mji wa ndani, mbali na bahari. Vyombo vya Uajemi vilivyofanya biashara na Afrika vilitoka katika bandari za Ghuba, hasa Siraf, mji uliodhoofika baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 977. Shirazi lilikuwa jina la mji wa utawala na elimu, na yaelekea lilishikwa kwa ajili ya sifa yake. Wanahistoria kadhaa wanaona pia kwamba wengi waliofika Kilwa, Pemba na Ngazija kwa jina hilo walitoka karibu zaidi, katika miji ya kaskazini ya Lamu na pwani ya Somalia, wakiwa tayari ni wazawa wa Afrika wenye damu ya mchanganyiko na lugha ya mwambao.

Uislamu nao ulitangulia majahazi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa jengo dogo la miti la mwishoni mwa karne ya 8. Ulisimama katikati ya mji wa watu waliofinyanga vyungu na kuvua samaki kama majirani zao wote. Tarihi ya Kiarabu haikani jambo hili, kwa maana inaeleza kwamba waliofika Kilwa walimkuta Mwislamu na msikiti. Kwa upande mwingine, zipo alama za Uajemi ambazo haziwezi kupuuzwa. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, kwa mtindo unaofanana na wa Siraf. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, na iliyo mpya kuliko zote ni ya mwaka 1066. Baadhi ya sarafu za fedha zina jina la Ali bin al-Hasan, linalolingana na la mwanzilishi wa Kilwa katika simulizi. Kabla ya hapo wengi walimweka mtawala huyo mwishoni mwa karne ya 12. Hazina ya Pemba ikamrudisha nyuma kwa miaka mia hivi.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, nasaba ya Shirazi ilikwisha kuondoka madarakani. Waliotawala walikuwa Wamahdali, masharifu wenye asili ya Yemen, na madhehebu aliyoyakuta ni ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao hadi leo. Tarihi yenyewe iliandikwa zaidi ya karne mbili baada ya mtawala wa mwisho wa Kishirazi, wakati Wareno wamekwisha kuuteka mji. Waandishi wake walikuwa na sababu ya kuonyesha kwamba Kilwa ulikuwa mji wa heshima, wenye orodha ndefu ya masultani, tangu kabla mzinga wa Mreno haujasikika. Simulizi iliyotoa haki kwa wanunuzi wa kisiwa sasa ilitetea hadhi ya mji uliovunjwa.

Katika karne zilizofuata, asili ya Shirazi, dini na maisha ya mjini vilisukwa pamoja kuwa kipimo kimoja cha mtu, yaani uungwana. Mwungwana alijulikana kwa imani, kwa nyumba ya mawe yenye vidaka ukutani, kwa kauli laini, kwa nguo safi za Ijumaa, kwa namna ya kupokea wageni na kwa kuwajua babu zake kwa majina. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika maelezo ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa mwaka 1903, anaonyesha jinsi kila jambo, kuanzia salamu hadi maziko, lilivyobeba alama ya cheo. Kinyume cha mwungwana alikuwa mshenzi, mtu wa bara asiye na kitabu, na chini kabisa alikuwa mtumwa.

Kipimo hiki kilikuwa na mlango. Mfanyabiashara wa bara aliyesilimu, akaoa mjini na kusomesha watoto chuoni, angeweza kuwaona wajukuu wake wakihesabiwa waungwana, na baada ya vizazi vichache nasaba yao ikapata nafasi katika majahazi ya Shirazi. Mlango huo uliiwezesha miji kupokea watu wapya kwa karne nyingi bila kuacha kujiona ni ileile. Lakini kwa mtumwa ulikuwa mwembamba mno. Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikula nguvu za maelfu kwa maelfu ya watu walioletwa kutoka nchi za Nyasa, Yao, Manyema na kwingineko. Walipewa majina mapya. Wanaume walikatazwa kuvaa kofia na viatu, wanawake walikatazwa kujifunika kichwa mbele ya waungwana. Wengi wao walisilimu, wakasali kuelekea kibla kilekile, na bado walihesabiwa watu wasio na asili. Simulizi ya utu wa mwungwana ilihitaji mtu asiye na simulizi ili ipate maana, na gharama yake ililipwa na watu hawa.

Utawala wa Oman uliibadilisha tena kazi ya jina la Shirazi. Sultani wa Oman, Seyyid Said, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, wenyeji wa kisiwa, yaani Wahadimu na Watumbatu, walikuwa na watawala wao. Mkubwa wao alikuwa Mwinyi Mkuu, aliyekaa Dunga na kushika siwa na ngoma za enzi. Ardhi yenye rutuba ya magharibi iliingia mikononi mwa wenye mikarafuu, na Wahadimu wakasukumwa kwenye nchi ya mawe ya mashariki na kusini. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873, na Barghash hakumweka mwingine. Kwa wenyeji hao, kusema "sisi ni Washirazi" kulikuwa kudai kwamba walikuwapo kabla ya Mwomani, kwamba dini yao haikuletwa na Mwomani aliyefuata madhehebu ya Ibadhi, na kwamba wao si watumwa wa mtu. Jina lililotoka ng'ambo ya bahari likawa dai la uenyeji. Pemba mambo yalikuwa tofauti kidogo. Huko mashamba yaligawanyika zaidi baina ya Waarabu na Wapemba, watu wakaoana, na chuki haikupata mizizi kama Unguja. Tofauti hii ya mashamba ilikuja kuamua kura miaka mingi baadaye.

Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha watu wengi wakiwa huru na bila jina la kujivunia. Walichofanya katika miaka 30 iliyofuata ni moja ya sura za kupendeza sana katika historia ya mwambao. Wanawake waliokatazwa kujifunika walivaa kanga kwa mitindo mipya, kisha buibui, vazi lililokuwa alama ya wenye nafasi. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Walijenga nyumba Ng'ambo, upande wa pili wa mji mkongwe, wakaanzisha vyama vya ngoma, timu za mpira na misikiti. Hawakuomba kuhesabiwa waungwana. Walianza kuishi kama waungwana, na kwa kufanya hivyo walikipanua kipimo chenyewe.

Dini iliwasaidia kwa njia ambayo nasaba isingeweza. Tarika ya Kadiria, iliyoenezwa Unguja na mwambaoni na Shehe Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, ilimpa kila mwenye kushika wiradi nafasi katika dhikiri bila kumwuliza babu yake ni nani. Mfano mkubwa ni Shehe Ramiya wa Bagamoyo. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka nchi ya Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Alisoma, akafanya biashara, akawa mwanachuoni, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi wa Kadiria ambaye watu walisafiri kutoka mbali kumzuru. Katika mji uliopima watu kwa babu, mtu aliyenunuliwa akawa shehe wa waungwana. Katika sanaa, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa wa familia maskini, aliingia mjini mwaka 1911. Taarabu, iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika kasri la sultani, yeye aliiimba kwa Kiswahili cha mitaani, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay kwenye santuri zilizouzwa mwambao mzima. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa kitabu hicho binti wa mfinyanzi akapata mahali katika maandishi ya Kiswahili.

Sensa za wakati huo zinaonyesha mabadiliko hayo yakiendelea. Katika sensa ya mwaka 1924 watu wengi Unguja walijiandikisha kuwa Waswahili. Kufikia ile ya mwaka 1931 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka, na waliojiita Washirazi, au Wahadimu, Watumbatu na Wapemba, walikuwa wameongezeka sana. Hawakuwa watu wapya waliohamia visiwani. Jina la Mswahili lilikwisha kuchukuliwa kuwa dalili ya asili ya utumwa, nalo la Shirazi lilimaanisha mwenyeji. Watu walibadili jibu kwa sababu maana ya jibu ilikuwa imebadilika.

Tatizo lilianza pale jibu lilipoanza kuamua mgao. Waingereza, waliotawala Unguja kama nchi ya hifadhi tangu 1890, walipanga watu kwa makabila na rangi, na makundi hayo yakaamua shule, kodi, viti vya baraza na mengine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa mchele ulifuata kundi la mtu. Katika mazingira hayo ndipo vyama vya Washirazi vilipoundwa, kwanza Pemba, kisha Unguja. Mombasa, watu wa Thelatha Taifa na Tisa Taifa, miungano ya koo za kale za mji, walikuwa na mapambano yao kuhusu sheria za kodi na uchaguzi zilizotenga "wenyeji" na wengine. Kabla ya hapo mtu angeweza kuwa Mshirazi kwa babu, Mhadimu kwa kijiji, Mswahili kwa lugha na Mwislamu kwa imani, vyote kwa pamoja, na akataja kimojawapo kulingana na aliyemwuliza. Fomu ya serikali ilitaka kimoja tu. Lawama kubwa ya yaliyofuata inaangukia hapo, ingawa wanasiasa na waandishi wa visiwani nao walichangia kwa bidii.

Mwaka 1957 Jumuiya ya Waafrika, iliyokuwa na wafuasi wengi kutoka bara, na Jumuiya ya Washirazi ziliungana, na kutokana na muungano huo kikapatikana Chama cha Afro-Shirazi chini ya Abeid Amani Karume. Jina lenyewe la chama lilikuwa mkataba wa simulizi mbili. Chama cha Kizalendo cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1955, kilisimulia habari ya taifa moja la Kiislamu lililostaarabika chini ya sultani, na wageni kutoka bara wakiwa hatari kwake. Afro-Shirazi ilisimulia habari ya utumwa, na Mwarabu akiwa mgeni aliyepora nchi. Washirazi walivutwa na pande zote mbili. Mwaka 1959 baadhi ya viongozi wao, hasa wa Pemba, pamoja na Muhammad Shamte, walijitoa na kuunda chama chao, ambacho baadaye kilishirikiana na Chama cha Kizalendo. Majirani waliosali msikiti mmoja walianza kususiana madukani, mabasini na hata mazikoni. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 2011, ameonyesha jinsi magazeti ya miaka ile, yaliyoandikwa na watu wasomi, yalivyozigeuza tofauti za zamani kuwa chuki ya damu. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963 chini ya serikali ya Shamte, na tarehe 12 Januari 1964 ukafuatwa na Mapinduzi. Maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, waliuawa, na wengine wengi walikimbilia Oman, nchi za Ghuba, Kenya na Ulaya.

Wasomi nao walikuwa wakivutana. Wakati wa ukoloni ilikuwa kawaida kuandika kwamba misikiti na majumba ya mawe yalijengwa na Waajemi na Waarabu, kana kwamba Mwafrika asingeweza kuchoma chokaa na kusimamisha ukuta wa matumbawe. Simulizi ya Shirazi ilitumiwa kama ushahidi wa dharau hiyo, na Mrimba akasahauliwa. Baada ya uhuru, utafiti uligeuka. Derek Nurse na Thomas Spear, mwaka 1985, walieleza kwa ushahidi wa lugha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na kwamba miji ilikua kutokana na vijiji vya Waafrika wakulima na wavuvi. Hilo lilikuwa sahihisho la haki na lililochelewa. Hata hivyo wengine walivuka mpaka wakasema Mwajemi hakuwapo kabisa, na kwamba Shirazi ni jina la bandia la watu wanaouonea haya Uafrika wao.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, uliofanywa na kundi la watafiti wakiwamo Esther Brielle, Chapurukha Kusimba na David Reich. Wengi wa marehemu hao walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji sita ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wao, nasaba ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika karibu yote. Upande wa baba kulikuwa na asili kubwa ya Asia, na asili hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Uajemi. Mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000, na damu ya Uarabuni iliongezeka baadaye. Yaani mama wa mahali na baba wa ng'ambo, katika karne ileile ambamo sarafu za Mtambwe zinamweka Ali bin al-Hasan. Tahadhari inahitajika, kwa maana wengi wa waliochunguzwa walizikwa karibu na misikiti, nao huenda walikuwa watu wa tabaka la juu. Wavuvi, wakulima na watumwa waliozikwa pembeni hawajulikani bado. Na vinasaba haviwezi kueleza mume na mke walikutana kwa mahari, kwa biashara au kwa nguvu. Pamoja na hayo, waliozitupa simulizi za wazee kama uzushi wanapaswa kuzirudia kwa heshima.

Serikali ya Mapinduzi haikuvipa nafasi vyama vya kikabila, na sensa za Tanzania hazijauliza kabila la mtu tangu mwaka 1967. Kenya bado inauliza, na Waswahili wana mstari wao katika orodha ya makabila, jambo ambalo kwa watu wa Lamu na Mombasa linahusu pia hatimiliki za ardhi na vitambulisho. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu hukusanyika kila Julai kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka wa jua yenye asili ya Nairuzi ya Waajemi. Wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, na wanawake huimba wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Sherehe huanza kwa mizimu ya mahali na huhudhuriwa na Waislamu wanaosali sala tano. Baadhi ya masheikh huikosoa kwa sababu hiyo. Wanakijiji huieleza kuwa ni ada ya wazee, na wengi wao, wakiulizwa ni watu wa asili gani, husema ni Washirazi wa Makunduchi.